Unyoya wa Kuku na Sikio Lako la Kushoto

Mwanangu Maduhu,

Nimekaa jikoni kwenye kile kigoda ambacho baba yako anaahidi kukigongea mguu tangu ungali shule ya msingi. Wewe umekwenda Nkoma kumuaga bibi yako, baba yako yuko mnadani, na nyumba imenyamaza. Nimeona niandike sasa kabla hujarudi, maana ukiwepo utanitania, nitacheka, na mimi nikishacheka wewe umeshashinda.

Kesho asubuhi unapanda basi la Mwanza. Mambo ya nguo, sabuni na kwenda kumsalimia mjomba wako sitayaandika humu. Umeshakuwa mtu mzima, na soksi chafu zenyewe zitakukumbusha. Nina jambo moja tu, na nalisema hapa juu kabisa usije ukadhani nazunguka mbuyu. Naogopa sikio lako la kushoto.

Juzi nilifua foronya yako. Upande mmoja ulikuwa na doa la njano lililokauka, gumu kama uji uliomwagika mkekani. Nililinusa. Mama hanusi foronya ya mwanawe kwa kupenda, lakini ile harufu naijua, nimeifanyia kazi miaka mingi. Halafu nikakumbuka kwamba siku hizi unajipaka manukato mpaka unapokwenda kuchota maji, nami nilidhani ni msichana. Ningefurahi sana kama angekuwa msichana.

Jana tulipokuwa tunakula nilikuuliza, "Maduhu, sikio linakusumbua?"

Ukasema, "Mama, niko fiti."

Nikakuuliza tena, ukaniambia, "Mama, unataka niugue ndiyo ufurahi? Nipe mlenda huo." Baba yako akacheka. Nami nikacheka, nikakupa mlenda, kisha nikaenda nje nikasimama nyuma ya banda la kuku ili msinione uso.

Naogopa kwa sababu najua unakokwenda. Unakwenda kuwa msimamizi wa zamu kwenye ukumbi wa kusokota nyuzi, ambako mashine hazinyamazi na watu huongea kwa mikono. Siku ya kwanza utapewa vizibo vya masikio, vile vya sponji vya kuviringisha kwa vidole, na utaambiwa uhakikishe kila mtu amevaa. Utavivaa wewe wa kwanza ili watu wakuone. Utalisokomeza sikio bovu, utalifunga kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hutamwambia mtu, kwa sababu kazi ni mpya na wewe ni bosi kijana. Halafu chini yako watakuwepo wengine wanaofanya vilevile, na hutawaona, kwa kuwa mwenye kuficha hamuoni mfichaji mwenzake. Hofu zangu ni mbili, kama mtu aliyekutana na fisi njiani akakumbuka kuwa nyumbani kaacha zizi wazi.

Sasa nikueleze jinsi nilivyojifunza, maana hukuwahi kuuliza na mimi sikuwahi kukaa chini nikasema.

Unajua nilianza kibarua kiwandani hapa Bariadi nikiwa nimekubeba mgongoni. Tulikuwa wanawake wa kulisha pamba kwenye mashine za kuchambulia. Wakati huo hakuna aliyetupa kitu cha masikioni. Tulifunga vitenge vichwani mpaka chini ya ndewe za masikio, tukaona tumejikinga, kumbe tumekinga nywele na vumbi tu. Baadaye nikafanywa mnyapara wa wanawake. Muda si mrefu vizibo vikaja, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuvigawa. Niliringa. Nilitembea na ile mifuko kama mtu aliyepewa zawadi ya Krismasi awagawie wengine.

Vizibo vilisaidia. Nataka uelewe hapo, usije ukasoma barua hii ukaenda kuwaambia watu wavivue. Kelele za mashine ni mbaya kuliko kizibo. Mimi mwenyewe ni shahidi: msimu umekwisha, mashine zimezimwa, na kwangu bado zinalia. Hata sasa naandika zikiwa zinalia. Ndiyo maana nafungulia redio kwa sauti mnayolalamikia.

Lakini vilikuja na muwasho. Fikiria sikio limefungwa kutwa nzima, jasho ndani, vumbi la pamba kila mahali, na vidole vilivyoviringisha kizibo vimetoka kushika mkanda wa mashine wenye grisi. Kizibo kile kile kinawekwa mfukoni pamoja na karanga, kesho kinarudi sikioni. Wanawake wakaanza kujikuna kwa njiti za kiberiti, kwa pini za nywele, kwa funguo. Na ndipo tukaingiza kile kitu chetu, kitu ambacho mzungu aliyetengeneza kizibo hangeweza kukiwaza hata angekaa mwezi mzima.

Wakati wa mapumziko tulikuwa tunakaa kwenye kivuli cha ghala la mbegu. Mmoja anamlalia mwenzake mapajani, kichwa pembeni, na mwenzake anamsafisha sikio kwa unyoya wa kuku. Unaujua utamu wake, nimekufanyia mara nyingi. Mmoja wetu alikuwa na unyoya mzuri wa bawa la jogoo, mwingine alileta samli kwenye kichupa cha dawa. Tunachovya unyoya kwenye samli, tunauzungusha taratibu, mtu anafumba macho anasahau mashine, anasahau mume, anasahau na pamba yenyewe. Akitoka yeye anakuja mwingine. Unyoya ule ule, samli ile ile.

Nami nililala pale kama wenzangu. Nikiwa mnyapara nililala wa kwanza. Hakuna mahali pale kiwandani tulipopendana kama kwenye kile kivuli, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka masikio yalipoanza kuugua moja baada ya jingine. Tuliona mtu akiumwa sikio, tukazidisha unyoya. Tuliona unatoka usaha, tukazidisha samli. Kisha kengele inalia, tunaziba vizuri kwa kizibo juu ya samli ile, tunarudi ndani. Kama ungetaka kuozesha kitu kwa makusudi, usingepata njia nyingine iliyo bora.

Mwanamke wa kwanza kuniambia kwamba sikio lake linatoa maji nilimhurumia. Nikamwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike, dada." Kabla ya chakula cha mchana nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na mtu aliyekuwa anasubiri getini, na msimu huo hakurudi. Nilidhani nimemtendea wema. Nilichofanya ni kuwafundisha wote waliobaki kunyamaza. Toka siku hiyo vitenge vilishuka zaidi masikioni, na manukato yakaongezeka.

Ndiyo, Maduhu. Manukato. Sasa unajua kwa nini yako yalinipeleka nyuma ya banda la kuku.

Milembe unamfahamu, yule wa kwaya anayesimama mwisho kabisa wa mstari. Alitoka Ipililo akiwa binti, akaja kiwandani, akawa rafiki yangu. Zamani alisimama katikati, maana sauti ya pili yote ilikuwa inamfuata yeye. Asubuhi moja tulikuwa na wageni wa kukagua kiwanda, nami nikapita mstari kuhakikisha vizibo vimevaliwa. Milembe alikuwa amevaa kimoja tu.

"Kingine kiko wapi?"

"Mama Maduhu, leo niache. Huku kunaniwasha vibaya."

"Wageni wako mlangoni, Milembe. Utaniharibia."

"Niache leo tu, dada yangu."

Nilichukua kizibo, nikakiviringisha, nikamvutia ndewe juu kama tulivyofundishwa, nikakisukuma kwa kidole changu mwenyewe. Alifumba macho. Sikujua kwamba usiku uliotangulia alikuwa amejitilia samli ya moto na kuzibia pamba mbichi, pamba yetu hii ya kutoka mashineni, na kipande kilikuwa kimebaki ndani. Mimi nikakishindilia. Wageni wakapita, wakasema hapa wanawake wamejikinga vizuri, na meneja akanipa mkono.

Baada ya siku kadhaa alivimba nyuma ya sikio. Homa ikapanda. Hakusema, akafunga kitenge. Halafu siku moja alikuja kazini, akacheka kwa jambo fulani nililosema, na nusu ya uso wake haikucheka. Mdomo ulikwenda upande mmoja. Jicho moja halikufumba. Wanawake waliacha kulisha mashine, wakarudi nyuma, na nikasikia mtu akisema, "Huyu kapigwa na kitu cha watu."

Ukweli ni kwamba hata mimi niliamini hivyo. Mimi ninayekwenda kanisani. Ndugu zake walimpeleka Kimali kwa mganga, nami nikachangia nauli, na huko akapoteza muda ambao hakuwa nao. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajui jina la mwanawe. Wakampeleka Mwanza kupasuliwa nyuma ya sikio. Nilikwenda kumtazama, na daktari aliyemtoa ile pamba akaniambia maneno ambayo nayarudia kila ninapoona unyoya. Alisema sikio halikai mbali na ubongo, kuna ukuta mwembamba tu katikati, na usaha ukifungiwa hautulii, unatafuta mlango.

Milembe alipona. Uso ulirudi karibu wote. Sikio lile halikurudi, na ndiyo sababu anasimama mwisho wa mstari, ili lile zima lielekee kwa wenzake. Hajawahi kunilaumu, na mimi sijui kama alihisi kidole changu siku ile au kizibo tu. Nikimwona anaimba, nashindwa kuimba.

Baada ya hapo wanawake walivua vizibo vyote, wakasema ndivyo vilivyomroga. Nilitaka kuwaacha. Ilikuwa rahisi kuliko kusema ukweli, kwamba kizibo kilikuwa na hatia kidogo, na unyoya na samli na ukimya wetu vilikuwa na hatia kubwa. Ukweli huo unagusa mapaja tuliyolaliana. Unamwambiaje mtu kwamba kilichomuumiza ni mkono uliombembeleza?

Nilikwenda kwa meneja. Si mtu mbaya, ila hapendi kusimama akisikiliza. Nikamwambia, "Mwenye sikio bovu nikikutajia, unamfukuza?"

Akasema, "Sifukuzi mtu. Lakini mashine haisubiri."

"Basi mimi sitakutajia mtu, na wao hawatanitajia mimi, na utazika mtu."

Kisha akauliza nataka nini. Nikamwambia anayeumwa sikio atolewe kwenye kelele, akachague uchafu kwenye pamba mbegu kule uani, kwa ujira wake ule ule, na akipona arudi kwenye nafasi yake, sikio lisiwe sababu ya mtu mwingine kuchukua sehemu yake. Nikamwambia pia tununuliwe zile hedifoni kubwa za kufunika sikio kwa nje, kila mtu yake, kwa ajili ya wale ambao daktari amesema wasiingize kitu ndani. Alikuna kichwa, akasema atajaribu msimu mmoja. Mpaka leo bado anajaribu, naye hajakata tamaa wala hajanishukuru.

Lakini hayo yote hayakufungua kinywa cha mtu. Waliendelea kuficha. Kilichofungua ni salamu. Unajua sisi hatumsalimii mtu tukamalizana naye kwa neno moja. Tunauliza nyumbani, tunauliza watoto, tunauliza ng'ombe. Nikaanza kusimama getini asubuhi nikiwaamkia kwa Kisukuma, nao wakinijibu kuwa ni salama. "Mwangaluka. Mhola?" "Mhola." "Watoto?" "Mhola." "Ng'ombe?" "Mhola." "Na masikio?"

Walicheka. Wengine waliniita Mama Masikio, na nadhani bado wananiita nikiwa siko karibu. Lakini mtu akiulizwa kila siku, katikati ya watoto na ng'ombe, ipo siku atajisahau na kusema kweli. Wa kwanza aliniambia, "Ng'ombe mhola. Sikio siyo." Nikamshika mkono nikampeleka uani, nikarudi nikaiacha nafasi yake wazi, na wote waliangalia ile nafasi kutwa nzima kuona kama nitamweka mtu. Sikumweka. Kesho yake walikuja wengine, nikaogopa kwa wingi wao.

Unyoya niliukomesha kwa shida zaidi. Walisema nimekuwa mzungu. Nikawaambia kichwa mapajani ruhusa, lakini sikioni asiingize mtu kitu, si unyoya wala samli wala kijiti. Mpaka leo wanalaliana pale kwenye kivuli na kusukana nywele. Nawaona, na natamani kulala, lakini mnyapara akilala wa kwanza mambo hurudi.

Sasa nakuja kwako.

Ulikuwa mdogo, hujaanza hata shule, ulipolia sikio usiku mzima. La kushoto. Bibi yako alikuwa hapa. Tukapasha samli kwenye kijiko juu ya makaa, tukakutilia, nami nikakusafisha kwa unyoya mpaka ukalala mapajani pangu. Likatoa usaha, tukafurahi tukasema uchafu umetoka. Kila mvua zilipoanza lilirudi, na kila liliporudi nilipasha samli. Nilikuwa najifunza kiwandani kwamba ni makosa, na nyumbani nilikuwa sijakuunganisha na Milembe. Kwenu nyinyi nilikuwa mama, si mnyapara. Halafu likakauka, ukakua, nami nikajiambia limepona, nikaacha kuuliza. Watu wazima wa kiwanda kizima niliwauliza masikio yao getini kila asubuhi, na wewe uliyekuwa unatoka nyumba moja na mimi nilikuuliza kama umekunywa chai.

Msimu uliopita ulipopata ile kazi ya kuwasaidia mafundi wa kiwandani kwetu, nilikuona ukisokomeza vizibo nikaona fahari. Nadhani ndipo lilipoamka. Nadhani, sijui. Mimi si daktari, na nimechoka kujifanya daktari kwa kijiko cha samli.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Nimeuchukia msemo huo. Sikio lako halijafa, nami sitaki lisemewe hivyo na mtu yeyote, hata kwa utani wa kilabuni. Ila mficha maradhi kifo humuumbua, huo siwezi kuuchukia kwa sababu nimemwona Milembe akicheka nusu uso.

Najua utakachosema. Utasema ukiwaambia Mwanza kwamba una sikio bovu watampa kazi mwingine. Inawezekana. Siwezi kukuapia kwamba meneja wako atakuwa mtu wa kukuna kichwa kama wangu. Naogopa hilo pia, maana tumeisubiri sana kazi hii, na baba yako amewaambia watu wote mnadani. Lakini msimamizi anayeficha sikio lake atawaongozaje watu wasifiche yao? Watakunusa, Maduhu. Wafanyakazi wana pua. Watajua bosi amejipaka manukato kwa sababu gani, na wote watanunua manukato.

Nilitaka kumalizia hapo na kuichomeka barua hii kwenye begi lako, uisome ukiwa ndani ya basi, mbali na macho yangu. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Sasa hivi nimekuona unaingia. Umepita kwenye uzio wa minyaa, umeinama kumfungua kamba yule mbuzi aliyejisonga, na mimi nilikuwa hapa dirishani, upande wako wa kushoto, karibu kiasi cha kukurushia punje ya hindi. Nikakuita.

Mbuzi aligeuka. Mtoto wa jirani aliyekuwa nje aligeuka. Nikaita tena, kwa sauti ile ya kiwandani. Wewe uliendelea kufungua kamba huku ukipiga mluzi.

Kwa hiyo siiweki kwenye begi. Naitoa nje sasa hivi nikupe mkononi, nikipitia upande wa kulia. Isome hapo hapo ulipo. Basi si la kesho tu, la keshokutwa nalo lina viti, na hospitali ya hapa hufungua mapema. Ukimaliza usiniambie uko fiti. Njoo jikoni, ulale mapajani pangu kama zamani, unigeuzie hilo la kushoto nilione kwenye mwanga. Usiogope, mwanangu. Safari hii sitakuwa na unyoya.

Mama yako